Siku Niliyomnyang'anya Mdogo Wangu Jembe

Mdogo wangu wa kike ana figo moja. Ya pili ninayo mimi, iko hapa chini ya tumbo upande wa kulia, ukigusa unaisikia kama kiazi kidogo mfukoni. Nimeanza hivyo ili msomaji asihangaike kujua ninaelekea wapi. Mambo yote nitakayosema humu, pamoja na sifa zangu, ambazo si chache, yanazunguka figo hizo mbili: hii niliyopewa, ambayo niliitunza kama yai, na ile aliyobaki nayo yeye, ambayo mimi kwa mapenzi yangu yote nilikaribia kuiharibu.

Nilisoma mpaka darasa la nne nikaacha. Nilibeba magunia sokoni Sumbawanga mpaka bega la kushoto likashuka chini kuliko la kulia, na hadi leo fundi cherehani akinipima koti lazima aulize. Baadaye nikapata mashine ya kusaga iliyokufa, watu wameitupa uani kuku wanatagia ndani yake. Niliifungua kipande kimoja kimoja, nikaisafisha, nikaifunga tena bila fundi, ikanguruma. Leo nina mashine tatu, mbili mjini Sumbawanga, moja Malangali na moja Kizwite, na ya tatu kijijini kwetu Kate, na lori la kubebea mahindi. Kuna watu wenye vyeti vyao wananipigia simu mashine zao zikigoma. Nawaambia wasogeze simu karibu na injini, nasikiliza, nasema, "Beringi hiyo." Wakifungua, ni beringi. Sijisifu, nasema kilichopo.

Masikio yangu yanayosikia beringi kutoka wilaya nyingine hayakusikia mwili wangu mwenyewe. Nilipoambiwa nina presha nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilipewa vidonge, nikawa nameza kichwa kikiuma na kuacha kikitulia, kama mtu anayetia oili injini ikianza kutoa moshi. Miaka ikaenda. Miguu ikaanza kuvimba, viatu vikanikataa. Nikanywa mizizi ya mzee mmoja wa bondeni, chungu kuliko nyongo, miguu ikazidi. Siku niliyotapika mbele ya wateja wangu Malangali, mke wangu hakuniuliza tena. Alinipakia kwenye gari mpaka Mbeya, na huko wakatuambia figo zote mbili zimekwisha. Simtafuti mchawi. Zilikwisha kwa vidonge nilivyoviacha kwenye droo.

Kilichofuata ni mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, Mbeya. Tulipanga chumba huko mimi na mke wangu. Damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mrija mwingine, na wewe umelala saa nne unatazama dari. Nikiwa sijachoka sana niliwaeleza manesi jinsi chujio lile linavyofanana na chekeche la mashine zangu, wakawa wananiita Mzee wa Chekeche. Nilikuwa mtu wa kilo tisini. Baada ya mwaka nilikuwa kama koti lililotundikwa msumarini.

Madaktari walisema nafuu kubwa ni kupandikizwa figo, itoke kwa ndugu, na tusingoje mpaka mwili uwe umechoka kiasi cha kushindwa kuipokea. Mke wangu alijitolea kwanza, damu zetu hazikukubaliana. Kaka yetu mkubwa ana sukari, wakamkatalia mlangoni. Watoto wangu niliwakataza mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kupanga mambo ya mazishi, na nilitaka yawe mazishi makubwa, pale mdogo wangu alipofika Mbeya kwa basi, ameshika mfuko wa maharage.

Huyu ndiye anayenifuata kuzaliwa. Ni mjane, wanawe wawili wameshaanza maisha yao, na anaishi Kate kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe. Anajulikana kwa jambo moja, matuta. Msomaji asiyejua kwetu nimweleze: sisi Wafipa hatuchomi majani yote na kupanda. Mvua zikielekea mwisho, majani yakiwa marefu na mabichi, tunayapindua pamoja na udongo, tunayafukia, tunafanya lundo la mviringo kama kichuguu. Juu yake tunapanda maharage. Chini majani yanaoza, na mwaka unaofuata tunalitawanya lundo na kupanda ulezi au mahindi. Bila mbolea ya dukani. Matuta ya mdogo wangu unayajua ukiwa barabarani, yamepangwa kama mikate kwenye trei. Wanaume wanapita wanatazama pembeni.

"Shikamoo kaka," alisema, akaweka mfuko chini.

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Na maharage. Nasikia mnatafuta figo."

"Nani kakwambia?"

"Ufipa nzima inajua. Wewe ukiugua unaugua kwa sauti."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilitaka kumfokea, lakini sauti haikutoka vizuri.

Tulipelekwa kwenye hospitali kubwa nje ya mkoa. Walimpima yeye kuliko walivyonipima mimi. Damu, mkojo, moyo, presha, sukari, mapafu, kila kitu. Kisha wakamwita chumbani peke yake, yeye na daktari na afisa wa ustawi wa jamii. Nilisimama niingie, nesi akanizuia kwa kiganja.

"Wewe subiri hapa, mzee."

"Huyo ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana unasubiri hapa."

Mimi si mtu wa kuachwa nje ya mlango. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu vigae vya ukutani. Alipotoka nilimuuliza walikuwa wanataka nini.

"Walitaka kujua kama umenitisha."

"Ukasemaje?"

"Nimewaambia huyu alikuwa anaogopa bata mpaka ana miaka tisa. Atamtisha nani?"

Daktari aliyekuwa akituhudumia alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yangu wa kwanza, mpole wa sauti lakini harudii neno. Alitueleza majibu: tumefanana vizuri, na figo za mdogo wangu ni nzuri sana. "Ni nzuri kwa sababu mama mwenyewe ni mzima," alisema. "Mwembamba, presha yake iko chini, anafanya kazi. Kwetu sisi upasuaji umefanikiwa wakibaki wazima wote wawili. Mmoja tu hatuiti mafanikio." Niliyasikia maneno hayo. Niliitikia kwa kichwa. Hayakuingia.

Walitupasua siku moja. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichouliza ni kama mashine imewaka, na nesi akanionyesha mfuko wa mkojo pembeni ya kitanda umejaa. Sikuwa nimekojoa kitu cha maana kwa miezi. Nililia, na sioni aibu kuandika. Siku ya pili au ya tatu mdogo wangu alikuja kuniona, ameinama kidogo, ameshika ubavu, amevaa barakoa.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Inakojoa kama ng'ombe."

"Usiitese. Imezoea uji wa ulezi, haijui mambo yako ya supu ya utumbo."

Tulipokaribia kuruhusiwa walitupa maelekezo. Yangu yalikuwa kitabu. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kila siku ya maisha yangu, hata nikijisikia mzima. Nisiguse dawa za mizizi. Nisinunue dawa za maumivu dukani bila kuuliza. Nisikae na wenye kifua. Nisikose kliniki. Nilisikiliza kama ninavyosikiliza injini. Baada ya hapo nesi akasoma ya mdogo wangu, karatasi moja tu, na mimi wakati huo nilikuwa narudia ya kwangu kimoyomoyo nisiyasahau. Nilichokamata ni kipande kimoja: asibebe vitu vizito wiki za mwanzo. Alipotaka kuikunja karatasi ile aiweke kwenye kanga, nikamwambia, "Lete nikutunzie, utaipoteza."

Alisoma mpaka darasa la saba, kanizidi. Lakini alinipa.

Tuliporudi Kate tulifanya shukrani. Misa kwanza, kisha chakula nyumbani, nilichinja ng'ombe. Wazee wakaleta kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Chungu kinamwagiwa maji ya moto, mnakizunguka watu kumi, kila mmoja ananyonya kwa mrija, na mrija unapita mkono kwa mkono. Ulipofika kwangu nilikataa. Nilieleza habari ya vijidudu na mwili usio na kinga. Kukataa mrija mbele ya chungu cha shukrani yako mwenyewe ni kama kumtemea mtu mate. Mzee mmoja akasema polepole, "Mtu akipata mali, hata mate ya baba zake anayaona machafu."

Mdogo wangu alinyanyuka, akauchukua mrija mkononi mwangu, akanyonya vizuri, akajifuta mdomo. "Mimi na huyu sasa ni kitu kimoja," aliwaambia. "Nimekunywa mimi, kanywa yeye. Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha. Kicheko kilichotoka pale kiliamsha mbwa waliokuwa wamelala uani.

Siku hiyohiyo, nikiwa nimejaa shukrani, nilifanya kosa langu.

Nilisimama mbele ya watu wote nikatangaza kuwa mdogo wangu hatashika jembe tena maishani. Nilisema amenipa figo, basi mimi nitampa mapumziko. Nilisema nyumba yangu ya Kizwite, ile yenye baraza na vigae, ni yake kuanzia kesho. Watu walipiga makofi na wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye yeye alinifuata pembeni.

"Kaka, na matuta yangu?"

"Atalima mtu mwingine."

"Mimi siumwi."

"Una figo moja. Mimi najua mashine. Ukibaki na mashine moja unaipumzisha, huibebeshi mzigo wa mbili."

Akasema, "Sawa, kaka." Ninyi msiomjua mdogo wangu mtadhani alikubali. Alikuwa amechoka, kidonda bado kinamuuma, na nilikuwa nimeshatangaza mbele za watu. Kesho yake asubuhi nililichukua jembe lake, lenye mpini uliong'aa kwa viganja vyake, nikalipakia kwenye gari na kulifungia stoo ya mashine yangu ya Malangali, ili asije akashawishika kulirudia.

Kizwite nilimtunza kuliko malkia. Niliweka msichana wa kupika na kufua. Kila nikitoka mashineni napitia, siendi mikono mitupu: nyama, chipsi, soda kreti nzima. Nilimnunulia kiti cha kulalia, akakiweka barazani. Majirani wakampa jina la Mama Figo, na watu wakija kutembea walimwomba awaonyeshe kovu. Mwanzoni alikuwa akiwajibu kwa mizaha. Miezi ikienda, mizaha ikapungua. Nikimkuta anafagia uwanja nilimgombeza msichana wa kazi. Siku moja nilimkuta ameng'oa vigae viwili nyuma ya nyumba, amepindua majani yaliyoota pale kwa mwiko wa ugali, ametengeneza tuta dogo la ukubwa wa sufuria, amepanda maharage. Nilicheka, nikapiga picha, nikawaonyesha watu simuni. Sikuelewa nilichokuwa nakitazama.

Alinenepa. Mimi nikaona ni afya. Kwetu mtu akinenepa unasema fulani anamtunza. Magoti yakaanza kumuuma kwa uzito, nami nikaenda duka la dawa nikaomba dawa kali ya magoti ya mama mmoja mtu mzima. Muuzaji hakujua habari ya figo kwa sababu sikumwambia. Vidonge vile vilimsaidia, nikawa namletea boksi kila vinapokaribia kwisha. Vidonge vya aina ileile nilivyokatazwa mimi. Viliandikwa kwenye orodha yangu ambayo naijua kwa kichwa kama Baba Yetu. Mtu ataniuliza ilikuwaje nisiunganishe. Jibu langu ni hili: orodha ile ilikuwa ya mgonjwa, na mgonjwa katika ukoo wetu nilikuwa mimi. Yeye alikuwa yule aliyetoa. Nilikuwa na kengele mbili za dawa zangu kwenye simu, mashine ya kupimia presha yangu, daftari la namba zangu, na siku za kliniki zangu nilizozungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani. Karatasi yake ilikuwa kwenye begi langu, imekunjwa, chini ya hati za lori.

Kila nikienda kliniki yule daktari alikuwa akimaliza na mimi ananiuliza, "Na mchangiaji wako? Miezi sita imepita, hatujamwona."

"Yupo," nilijibu. "Anakula na kulala."

Safari iliyofuata akauliza tena. Nikasema, "Yule hana shida, daktari, nimemstarehesha." Safari ya tatu aliweka kalamu mezani. "Mzee, sijakuuliza kama anastarehe. Nimeomba umlete."

Basi nikamleta. Nasema ukweli, nilimleta kwa majivuno. Nilimnunulia kitenge kipya na viatu, tukaenda na gari langu, amekaa mbele. Nilitaka daktari aone mtu aliyetoa figo anavyotunzwa Sumbawanga. Njiani mara mbili aliomba tusimame anyooshe miguu, na niliona vifundo vyake vimejaa juu ya viatu vipya. Vifundo vile nilivifahamu. Nilikuwa navyo mimi. Nikaongeza sauti ya redio.

Wakampima. Daktari alimfunga mkanda wa presha, akatazama, akafunga tena mkono wa pili. Wakachukua damu na mkojo. Tulikaa kwenye benchi lilelile lenye vigae mbele yake. Majibu yalipotoka, tuliitwa sote wawili.

"Mama, presha yako iko juu sana," daktari alisema. "Na figo yako inavujisha protini kwenye mkojo. Uwezo wake umeshuka kuliko tulivyotarajia baada ya kutoa nyingine. Unatumia dawa yoyote?"

Mdogo wangu alifungua mkoba wake, akatoa boksi la vidonge vya magoti, akaliweka mezani. Kubwa, lile la familia nzima. Daktari alilishika, akaligeuza.

"Nani alikuandikia hizi?"

Mdogo wangu aliangalia mikono yake.

"Nilinunua mimi," nilisema.

Daktari alinitazama. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu kama angenifokea. Alisema, "Hizi zinaumiza figo. Mwenye mbili anaweza kuvumilia kwa muda. Huyu ana moja."

Chumba kilikuwa na feni inayolia, na ninyi mnajua nilivyo, nilianza kusikiliza ile feni kujua ina shida gani, kwa sababu sikutaka kusikiliza kingine. Nilikuwa nafikiria mashine ya Mbeya. Mdogo wangu amelala saa nne anatazama dari, na mimi hapa nimesimama pembeni ya kitanda nina figo yake ndani, siwezi kumrudishia.

"Anaweza kupona?" niliuliza.

"Tukiacha hizi leo, tukishusha presha, akapungua uzito, chumvi kidogo, maji, na tukamwona mara kwa mara, nategemea itatulia. Siahidi kuwa itarudi ilivyokuwa. Nasema itatulia."

Mdogo wangu alinyanyua kichwa. "Daktari, naruhusiwa kulima?"

"Kulima?"

"Jembe. Matuta."

"Mbona uliruhusiwa tangu zamani? Baada ya wiki za mwanzo, kazi zako zote. Iliandikwa kwenye karatasi yako. Ulikatazwa na nani?"

Alikuwa na kila sababu ya kunionyesha kwa kidole pale, na sijui mtu mwingine ambaye asingefanya hivyo. Alisema, "Nilikatazwa kwa mapenzi."

Tukiwa njiani kurudi nilisimamisha gari, nikafungua begi nikaitoa ile karatasi. Nilijaribu kuisoma mwenyewe, nikashindwa katikati, nikampa. Aliisoma kwa sauti, magari ya mahindi yakitupita. Apimwe baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Apime presha. Anywe maji. Asinenepe. Asitumie dawa za maumivu bila ushauri. Arudi kwenye kazi zake. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili, mara ya pili polepole, kama mtu anayemsomea mtoto.

"Mdogo wangu," nilimwambia, "nimekukosea."

"Umenikosea, kaka."

Nilitegemea aseme si kitu. Hakusema. Alikunja karatasi akaiweka kwenye kanga yake, akaifunga fundo. Tulifika Sumbawanga bila kupitia Kizwite. Nilienda moja kwa moja Malangali, nikafungua stoo, nikatoa jembe lake. Lilikuwa limeshika kutu kidogo na vumbi la unga limeganda kwenye mpini. Nilitaka kulisafisha kwanza, akanipokonya. "Kutu inatoka na udongo," alisema.

Alirudi Kate wiki hiyohiyo. Nilimpa ile mashine yangu ya kupimia presha nikanunua nyingine, na tukakubaliana kila asubuhi anipigie anitajie namba zake, nami nimtajie zangu. Nina daftari moja sasa, kurasa za kushoto zangu, za kulia zake. Herufi zangu ni mbaya, lakini namba naandika vizuri, namba ndizo zilizonifikisha hapa. Mwanzoni za kulia zilikuwa zinanitisha mpaka napoteza hamu ya chai. Alimeza vidonge vyake vya presha bila kukosa, akaacha chumvi, akawa anatembea kwenda shambani na kurudi. Mke wangu alimshonea nguo za kitenge upya, ndogo. Tunaenda kliniki siku moja sote, yeye anaitwa kwanza, mimi nakaa kwenye benchi. Safari iliyopita alitoka, nikasimama.

"Figo haijashuka," alisema.

"Imepanda?"

"Haijapanda. Haijashuka." Akakaa. "Daktari anasema kutoshuka ni jambo kubwa, nikuambie usianze kulalamika."

Sikulalamika. Mwenye kiburi kama mimi anapenda kushinda wazi, watu waone. Nimejifunza kushukuru kwa kitu kilichosimama palepale.

Mwaka huu mvua zilipoelekea mwisho nilienda Kate kumsaidia matuta. Sikualikwa. Majani yalikuwa yamefika kiunoni, mabichi, udongo mweusi unanata. Alikuwa ameshatengeneza mistari sita, ileile mikate kwenye trei. Daktari wangu kaniruhusu kazi, mradi nijikinge jua na nifunge kovu nisiligonge, basi nikavua viatu nikaingia. Nilipindua, nikafukia, nikalundika, jasho linanitoka kama zamani sokoni. Nilimaliza tuta langu moja nikarudi nyuma kulitazama. Kwa kweli lilikuwa zuri. Mdogo wangu alikuja, akalizunguka, akaanza kulibomoa.

"Umeacha majani nje upande huu," alisema. "Yatakauka badala ya kuoza."

"Mimi nimeendesha mashine tatu."

"Endesha mashine."

Nilikaa kwenye nyasi nikamwangalia anavyolifanya upya. Hakuharakisha. Alikuwa mwembamba tena, mgongo umeinama kwa namna niliyoikumbuka tangu yeye ana miaka kumi na miwili. Kulikuwa na swali ambalo nilikuwa nalo tangu siku ya boksi la vidonge, na nilikuwa nimeliogopa kama nilivyoogopa bata.

"Unajuta?" niliuliza.

Aliendelea kupiga udongo kwa kisigino cha jembe mpaka lundo likawa mviringo.

"Figo sijaijutia hata siku moja," alisema. "Kizwite ndiyo nimeijutia."

Akanionyesha kwa mdomo mfuko wa mbegu uliokuwa karibu nami. Nilinyanyuka nikamletea maharage.